Pengo la Juu, Kushoto

Nchi ninayotaka kuisimulia sitaitaja jina. Si kwamba naogopa. Kuitaja hadharani kunahitaji kibali, dirisha la vibali vya kutaja hufunguliwa Jumatano, na kila Jumatano wahudumu wa dirisha hilo wako semina. Basi itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina milima, ina mito, ina viongozi. Hasa viongozi.

Mimi naitwa Mshamu. Napiga picha za video za wanamuziki wa watoto: nyimbo za kunawa mikono, za kuhesabu mbuzi, za kuvaa viatu mguu sahihi. Kazi safi kabisa. Nataka ijulikane mapema kwamba sina ugomvi na mtu, kwa sababu nikifika katikati huwa napandwa na hasira, na msomaji anaweza kudhani nailaumu serikali. Siilaumu. Nasimulia tu.

Zamani mtu aliweza kupiga video ya watoto asubuhi na kuionyesha jioni. Fujo tupu. Mpaka bendi moja ya mkoani ilipotoa video ya bata kumi wanaovuka barabara. Bata wa mbele, mnene, anaingia dimbwini, na wale tisa wanamfuata humo humo. Watoto nchi nzima wakacheka hadi wakashika mbavu. Mheshimiwa Waziri Ladislausi Mpunga aliitazama mara saba, na mara ya saba akauliza wasaidizi wake:

"Huyu bata wa mbele ni nani?"

"Ni bata, Mheshimiwa."

"Najua ni bata. Nauliza ni nani."

Hakuna aliyejibu, na ukimya ule ndio uliozaa Baraza la Kulinda Macho na Masikio ya Watoto. Lina wajumbe arobaini na mmoja. Mdogo wao ana miaka sitini na tatu, na huyo ndiye anayewakilisha watoto.

Tangu hapo, video ya watoto haionyeshwi popote bila muhuri wa Baraza. Ikishapata muhuri, huingia kwenye Ijumaa ya Picha: kila Ijumaa, baada ya uji wa saa nne, shule zote huketisha madarasa madogo mbele ya runinga na kuwaonyesha kilichopitishwa. Kwa miaka miwili kilichopitishwa kilikuwa kimoja, video ya Mheshimiwa akikata utepe. Watoto waliijua kwa moyo. Walikuwa wanataja aina ya mkasi.

*

Mrisho Kindamba ni rafiki yangu tangu darasa la tatu. Anapiga gitaa. Mkewe, Siwema, anaimba na kutikisa manyanga. Wana mtoto mmoja, Zawena, ambaye wakati huo alikuwa na miaka sita. Hao watatu ndio Bendi ya Uani. Walijiita hivyo kwa sababu ukumbi hawana, ua wanao.

Jino la Zawena liling'oka Jumatatu akitafuna muwa. La mbele, juu, kushoto. Jumanne yake shuleni wakampa jina: Geti. Akifungua mdomo tu, darasa zima, "Geti, funga!" Na mtoto akafunga kweli. Siku nne hakusema neno. Uji alikunywa kwa pembe ya mdomo, ukimuuliza kitu anakujibu kwa kichwa. Siwema alikuwa anaingia jikoni kulia, anatoka akisema ni vitunguu, na siku hiyo wamepika chai.

Kwetu jino la utotoni halitupwi jalalani. Unasimama nje, unalirusha juu ya paa, unamwomba panya alichukue akuletee jingine. Mimi nilifanya hivyo, na wewe ulifanya, usijifanye mkubwa. Mrisho akachukua gitaa lake, akatunga:

*Panya wa paa, njoo upesi,*
*jino la maziwa nakurushia,*
*niletee jipya, jeupe sasa,*
*muwa wa bibi wanisubiria.*

Siku ya tano Zawena akashindwa kujizuia, akaimba. Na hapo ndipo likatokea jambo. Alipofika kwenye "upesi", hewa ikapita pengoni ikatoa filimbi. Nyembamba, safi, kama ya birika linaloanza kuchemka mbali. Kwenye "sasa" ikatoka tena, mara mbili. Mrisho akaacha kupiga.

"Rudia, mama," akamwambia binti yake.

Akarudia. Mrisho akapanga wimbo upya, gitaa likawa linanyamaza pale, filimbi ipite peke yake. Nimefanya kazi hii miaka kumi na nne na sijasikia chombo kizuri kama kile.

Tukapiga video alasiri moja, uani. Jino lilikuwa moja, kwa hiyo na picha ilikuwa moja, hakuna kurudia. Zawena akaimba, akapiga filimbi zake, akalirusha. Likagonga bati, ti!, likabingirika, likakwama karibu na mfereji wa maji ya mvua. Na mtoto akacheka, mdomo wazi kabisa, pengo lote nje, mara ya kwanza tangu Jumatatu ile. Kicheko kile ninacho kwenye kamera mpaka leo.

Nilipokuwa nafunga vyombo akaja kusimama pembeni yangu.

"Anko Mshamu, Ijumaa wataniona?"

"Watakuona."

"Na pengo?"

"Na pengo lake."

"Na filimbi wataisikia?"

"Wataisikia, na kila mmoja atatamani angekuwa geti."

Akafikiri. Akapitisha ulimi pale. "Kabla jipya halijaja?"

"Litarudi, lakini bado sana," nikamwambia. "Na video inachukua wiki mbili tu."

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. La pili nililifanya kwa kalamu.

*

Fomu ya Baraza ina kurasa kumi na nane. Nilijaza mimi, kwa sababu Mrisho akiona fomu mkono unamtetemeka. Kipengele cha sitini na moja kinasema: "Taja alama ya pekee ya mtoto anayeonekana." Watu wenye akili zao huandika "hakuna". Mimi nikajitia ukweli. Nikaandika: "Pengo la jino la mbele, juu, kushoto." Nikapiga na mstari chini.

Dirisha namba tatu alikuwepo Bi. Mwamvua, mama mmoja mpole aliyechoka tangu uhuru. Akasoma, akavua miwani.

"Ungeandika hakuna, mwanangu."

"Lakini ndivyo alivyo, mama."

"Ndiyo maana nakwambia." Akagonga muhuri wa kupokea.

Wiki ya pili ikaja barua. "Katika video yenu kunasikika filimbi. Filimbi haimo kwenye orodha ya vyombo mliyoambatanisha. Mpiga filimbi ni nani, na leseni yake iko wapi?" Nikajibu kwa heshima kwamba hakuna mpiga filimbi, ni pengo la mtoto. Wiki ya nne wakajibu kwamba wamenielewa, na kwamba pengo likatiwe leseni ya chombo cha kupuliza.

Wallahi barua ninayo.

Tukampeleka. Mtahini wa Vyombo vya Kupuliza, mzee wa bendi ya jeshi mwenye midomo iliyovimba kwa tarumbeta, akamsimamisha mtoto wa miaka sita katikati ya chumba akamtaka apige wimbo wa taifa kwa pengo. Zawena akajaribu. Akafika ubeti wa pili, pumzi ikamwishia. Wakampa leseni ya daraja la tatu, isiyomruhusu kupuliza kwenye hafla za kitaifa.

Wiki ya saba Idara ya Afya ikauliza kama panya amechanjwa. Wiki ya nane Idara ya Ardhi ikataka hati ya paa. Nikawaambia paa liko juu ya nyumba, hati ya nyumba hii hapa. Wakasema hati hiyo inaishia kwenye kuta. Wiki ya tisa Uhamiaji, na sitaki hata kueleza Uhamiaji walitaka nini kwa panya.

Na kila Ijumaa, jamani, kila Ijumaa Zawena alikuwa anamwomba mama yake ampigie sare pasi mara mbili. Anakwenda shule, anaketi mbele kabisa, anatazama Mheshimiwa anakata utepe, anarudi. Namkuta getini kwao.

"Leo, Anko?"

"Bado, mama. Ijumaa ijayo."

Ijumaa ya kumi hakuuliza. Alinishika mkono akakiweka kidole changu kwenye ufizi wake. Kulikuwa na ncha, ngumu, yenye meno madogo madogo kama ya msumeno.

"Limeshachungulia," akasema. "Liambie lingoje."

Nilikwenda dirishani siku ile nikapiga kelele, na mimi si mtu wa kelele. "Mama, jino halisubiri muhuri! Linaota! Mnaelewa maana ya kuota?" Foleni yote ikageuka. Bi. Mwamvua akasogeza kiti chake karibu na kioo.

"Naelewa, mwanangu. Nina wajukuu tisa. Kaa pembeni nimwite anayefuata."

*

Mwezi wa tano Baraza likatuita. Wajumbe arobaini na mmoja walikuwa wameketi kwa umbo la kiatu cha farasi, kila mmoja na maji yake ya chupa, na katikati Mheshimiwa Ladislausi Mpunga mwenyewe, amevaa suti nene ambayo ilikuwa inamtoa jasho. Wakaonyesha video. Kwenye kicheko cha mwisho mjumbe mmoja akatabasamu, akakumbuka alipo, akaacha.

Mheshimiwa akasimama.

"Ndugu wajumbe," akasema, "nimetazama. Nimetafakari. Nimetazama tena. Nina swali dogo kwa hawa wasanii wetu. Mtoto wa taifa hili akipungukiwa na kitu, nani anampa?"

"Serikali!" wajumbe wakajibu.

"Barabara nani anatoa?"

"Serikali!"

"Mvua?"

Wakasitasita kidogo. "Serikali!"

"Sasa hapa naona jino linatolewa na panya." Akamgeukia Mrisho. "Panya, bwana Kindamba. Umemtafuta mtoaji katika nchi nzima, yenye wizara ishirini na saba, ukamwona panya."

Makofi. Siwema ndiye aliyesimama.

"Mheshimiwa, shikamoo. Huu ni mchezo wa watoto tu. Hata wao wanajua ni mchezo."

"Marahaba, mama. Serikali si mchezo."

"Sikusema serikali, nimesema panya."

"Ndilo tatizo lenyewe, mama. Hukusema serikali."

Wakaamua hapo hapo. Panya atoke. Maneno yawe: "Serikali yetu, njoo upesi." Mheshimiwa mwenyewe, kwa moyo wa kujitolea, ataonekana juu ya paa akilipokea jino la zamani kwa mkono wa kushoto na kutoa jipya kwa mkono wa kulia. Filimbi ipunguzwe, maana inavuta masikio. Nikauliza kama tukibadilisha haya yote basi tunapata muhuri.

"Bila shaka," akasema Mheshimiwa. "Unabaki ukaguzi wa kawaida tu. Mtoto yuko?"

Yuko. Sheria inasema mtoto anayeonekana kwenye video afike mbele ya Baraza akiwa vile vile anavyoonekana. Karani akachukua faili letu, akasoma kwa sauti, "Alama ya pekee: pengo la jino la mbele, juu, kushoto," kisha akamsogelea Zawena. "Fungua mdomo, mtoto mzuri."

Zawena akafungua. Jino lilikuwa limetimia. Kubwa, jeupe, limekaa sawasawa. Karani akaangalia faili, akaangalia mdomo, akaangalia faili.

"Mheshimiwa," akasema, "pengo halipo."

Ukumbi ukanong'ona. Yule mjumbe anayewakilisha watoto akasema kwa masikitiko kwamba katika umri wake wote hajapata kuona udanganyifu wa namna hii.

"Limeota!" nikasema. "Mmekaa na faili miezi mitano, limeota! Mlitaka lifanye nini?"

"Hapa kwenye mstari," akasema karani, "kuna sahihi yako kwamba alama hii ni ya pekee na ya kweli. Ona, umepiga na mstari chini."

Roho iliniuma. Mstari nilikuwa nimeupiga kweli.

*

Barua ya uamuzi ililetwa na pikipiki. Siwema aliifungua akiwa amesimama, akamalizia kuisoma amekaa chini sakafuni.

"Mtoto arudishwe katika hali iliyoombewa kibali. Daktari wa Meno wa Serikali amepangiwa kazi hiyo Jumanne, saa nne kamili asubuhi. Huduma ni bure. Mkikaidi, Bendi ya Uani haitaruhusiwa kumwimbia mtoto yeyote, akiwemo wa kumzaa wenyewe."

"Wanataka kuling'oa," akasema Siwema. "Jino zima. La ukubwani. Shemeji, hili likitoka ndiyo basi, haliji jingine tena."

"Polepole," Mrisho akasema, maana Zawena alikuwa uani akiruka kamba, na sauti inapita dirishani.

Nikakimbilia dirisha namba tatu. Nikamwambia Bi. Mwamvua tunaliondoa ombi, hatutaki tena video, hatutaki muhuri, wabaki na utepe wao. Akaniangalia kwa huruma.

"Kuondoa ombi unaleta cheti cha ombi lililokubaliwa."

"Halijakubaliwa, ndiyo maana naliondoa."

"Basi subiri likubaliwe."

Hebu niambie wewe unayesoma, ungefanyaje? Mimi nilikaa kwenye ngazi za jengo lile nikashika kichwa, mtu mzima na kamera yangu begani.

Nilipowarudia, Mrisho alikuwa amezitandaza kanuni za Baraza mezani. Yule mwenye kutetemeka mkono akiona fomu alikuwa anasoma, kidole kinakwenda mstari kwa mstari. Akafika kanuni ya tisa.

"Soma hapa, Mshamu. Kwa sauti."

Nikasoma. "Kwa bendi za familia, alama ya pekee ya mwanafamilia mmoja yaweza kubebwa na mwanafamilia mwingine."

Tukatazamana. Siwema akaelewa kabla yangu, akamshika mumewe shavu.

"Baba Zawena, hapana."

"Mimi muwa sili," Mrisho akasema.

Jumanne nilimsindikiza. Daktari alikuwa mtu mzima mwenye mvi, na barua aliisoma mara tatu akitafuta mahali pa kuikatalia.

"Bwana wewe, jino hili zima. Halina hata doa. Tangu nianze kazi hii sijang'oa jino lisilo na kosa."

"Ng'oa, daktari. La mbele, juu, kushoto."

"Kushoto kwako au kwangu?"

"Kwa mujibu wa faili."

Lilitoka kwa shida. Mizizi yake ilikuwa mirefu. Daktari akalifunga kwenye pamba akampa, na hakuwa anamtazama usoni.

*

Tukapiga video upya, na safari hii tulipata msaada mkubwa. Mheshimiwa alikuja na magari sita. Ngazi ilishikwa na maafisa wanne, na wa tano akawa anashika mwavuli. Mbele ya kamera akasimama Mrisho, miaka thelathini na tisa, kaptura ya shule kiunoni kwa maelekezo ya Baraza, anaimba:

*Serikali yetu, njoo upesi,*
*jino la maziwa nakurushia.*

Alipofika kwenye "upesi" akanyamazisha gitaa, kwa mazoea. Filimbi haikutoka. Ilitoka hewa tu na mate kidogo. Zawena alikuwa nyuma kabisa, na manyanga, mdomo kaufunga.

Juu ya paa Mheshimiwa akadaka kipande cha chaki, maana jino halisi lilionekana dogo mno kwa hadhi yake. Akatoa kingine kutoka mfukoni, akakiinua juu. "Serikali yenu inawapa!" akasema kwenye kamera. Bati likalia chini yake. Wakamteremsha kwa uangalifu, na jioni ile ile, saa mbili tu baadaye, tukapata muhuri. Saa mbili. Nilihesabu.

Ijumaa niliomba ruhusa nikakae nyuma ya darasa. Watoto themanini na wawili walitazama kimya. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyeita Geti, wengine walikuwa wanamtazama Mrisho kwa woga. Ilipokwisha mtoto mmoja akanyoosha mkono.

"Mwalimu, yule babu wa kwenye paa anatoa meno kweli?"

Mwalimu akautazama muhuri wa Baraza pembeni mwa kioo cha runinga. Ana watoto wa kusomesha naye.

"Ndiyo," akasema. "Ni serikali."

Zawena alikuwa mstari wa mbele. Niliona mgongo wake umenyooka.

*

Kumbe lile jino la baba yake alikuwa amelitunza, kwenye kasha la kiberiti, ndani ya pamba ya daktari. Mrisho alipoligundua akamwambia kwa ule mdomo wake mpya, "Lete basi tulirushe juu ya paa, tumpe panya."

"Panya ni wa uongo," Zawena akasema. "Anatoa serikali. Mwalimu kasema. Nilimwona na mimi, alitoa mfukoni."

Na Jumatatu, akitoka shule, akaenda. Nilimkuta mwenyewe kwenye foleni ya dirisha namba tatu, begi mgongoni, nyuma ya watu wa vibali vya harusi. Alipofika kwenye kioo ikabidi asimame kwa vidole.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umepotea?"

"Nimeleta jino la baba." Akasukuma kasha la kiberiti kwenye uwazi. "Naomba jipya. Kubwa, liwe la mbele."

Bi. Mwamvua akafungua kasha, akaona. Akafunga. Akavuta droo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Katika miaka yake yote hakuna kitu alichokosa fomu yake. Akaniona nimesimama nyuma, tukatazamana, akainamisha kichwa.

"Njoo kesho, mama," akamwambia.

Akaja kesho. Kesho kutwa akaja na wenzake watatu wa darasani, kila mmoja na kasha lake. Alhamisi nilikuta foleni imezunguka jengo: watoto wenye mapengo wamewashika mikono bibi zao na babu zao, na bibi na babu wamevaa nguo za kwenda msikitini na kanisani, midomo imebonyea, mzee mmoja kabeba meno yake yote kwenye chupa ya jamu. Wameona kwenye runinga. Wamekuja kupewa. Hakuna aliyekuwa anafanya mzaha, na mimi niliyetaka kucheka sikuweza.

Juu, ghorofa ya tatu, Mheshimiwa alisogeza pazia akachungulia, akalirudishia.

Saa tisa Bi. Mwamvua akatoka na gundi na karatasi, akabandika kwenye kioo, akarudi akafunga dirisha kwa ndani. Wazee wakamwomba mtoto awasomee. Zawena akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, hakuna filimbi hata moja:

"Huduma ya meno imesitishwa kwa muda. Mtandao uko chini."

Watu wakaanza kuondoka, bila kelele, kama wanavyoondoka siku zote. Zawena hakuondoka. Akanitafuta kwa macho, akaja, kasha la kiberiti mkononi.

"Anko, mtandao ukipanda, jino la baba litarudi?"

Nikafungua mdomo nimwambie. Nilikuwa na hasira za miezi saba, nilikuwa na maneno ya kutosha kwa Baraza zima, kwa kila mjumbe na chupa yake ya maji. Mtoto alikuwa ananitazama, ameinua uso, anangoja.

"Litarudi, mama," nikamwambia. "Wiki mbili tu."